POINTI ZA NDEGE ZA WAKUBWA NI MALI YA UMMA, ZIRUDISHWE!

Kuna ulaji mmoja ambao vijana wa vijiweni hawajawahi kuupigia kelele, kwa sababu moja tu: hawajui kama upo. Huu si ulaji wa bahasha, wala wa asilimia kumi, wala wa kiwanja kilichouzwa mara mbili. Ni ulaji wa pointi za ndege. Unafanyika angani, juu ya mawingu, na kwa mlalahoi wa Tabora anayesubiri treni ya kwenda Kigoma, yanayotokea juu ya mawingu ni ya Mungu na malaika wake.

Leo tunauanika huu mchezo kwenye jua la mchana.

Mashirika ya ndege duniani yana kadi. Abiria akisafiri, anaandikiwa pointi. Mchezo huu uliingia kwa nguvu Mei 1981, Shirika la American Airlines la Marekani lilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage, na United wakafuata mwezi huohuo. Marekani ilikuwa imeondoa udhibiti wa nauli za ndege mwaka 1978, wenye mashirika wakawa wananyang'anyana wateja kama wapiga debe wa stendi. Wakabuni ujanja: badala ya kumvuta abiria shati, wamfunge kwa pointi.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapoachwa. Pointi ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni pointi za zawadi. Hizi ni kama akiba: zikijaa, unazibadilisha kwa tiketi ya bure. Aina ya pili ni pointi za cheo. Hizi huzitumii kununua kitu. Zinahesabiwa kwa kipindi cha miezi kumi na miwili, na ukifikisha kiwango unapewa kadi ya fedha, ya dhahabu au ya juu zaidi. Kipindi kikiisha, hesabu inaanza upya. Mwenye kadi hapangi foleni na kina yakhe. Anakaa kwenye chumba chenye makochi, chakula na vinywaji visivyolipiwa. Mizigo yake inatangulia kushushwa, na ndege ikijaa wa kutupwa nje ni wewe, si yeye.

Cheo hicho kinapatikanaje? Si kwa kusafiri tu. Kila tiketi ina herufi, na herufi hiyo ndiyo daraja la nauli. Kwa mashirika mengi F ni daraja la kwanza, J na C ni daraja la biashara, na Y ni daraja la kawaida kwa nauli kamili. Chini ya Y kuna msururu wa herufi za nauli za punguzo. Watu wawili wanaweza kukaa siti zinazogusana, wakala wali uleule, wakatua dakika ileile, lakini mmoja akaandikiwa maili zote za safari na mwenzake robo, au asiandikiwe kitu. Kosa lake ni kununua tiketi rahisi.

Msomaji wa Tabora ataona jambo hili si geni. Treni ya Reli ya Kati ina daraja la tatu na lina jasho lake. Mabasi nayo yana la kawaida na la daraja la kati, na LATRA wanapanga nauli za yote mawili. Tofauti ni kwamba wewe ukipanda basi mara mia moja kwenda Dar, zawadi yako ni kiuno kinachouma.

Sasa tuweke hesabu mezani. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa ndege ni maili kama 455. Kwa miaka mingi, ngazi ya chini kabisa ya cheo kwenye mashirika makubwa ya Marekani ilikuwa maili 25,000 kwa mwaka. Tuchukue kipimo hicho. Mfanyabiashara wa asali wa Tabora anayelipa nauli kamili angetakiwa kupanda ndege mara 55 ndani ya mwaka mmoja. Akinunua tiketi ya punguzo inayolipa robo ya maili, angetakiwa kupanda mara 220! Huyo si abiria tena, huyo ni rubani.

Mtazame sasa kigogo. Air France na KLM, katika mpango wao wa Flying Blue, waliweka mwaka 2018 jedwali jipya la pointi za cheo. Kadi ya fedha inahitaji pointi 100. Safari ndefu ya ukubwa wa Dar es Salaam kwenda Amsterdam, kwa jedwali hilo, inalipa pointi 10 kwa anayekaa daraja la kawaida na pointi 30 kwa anayekaa daraja la biashara. Aliyebanwa nyuma na magoti yake kidevuni atakwenda na kurudi mara tano ndipo aipate kadi. Aliyelala mbele kwa miguu iliyonyooka atakwenda na kurudi mara mbili tu, na tayari ana pointi 120. Warsha mbili na makongamano mawili, kadi mfukoni!

Swali la gazeti hili ni dogo: hiyo tiketi ya daraja la biashara nani kailipia?

Tunayo jibu, na halikutoka kwa mpinzani yeyote. Lilitoka kwenye kinywa cha Rais. Tarehe 20 Novemba 2015, Rais John Magufuli alipolihutubia Bunge Dodoma, alitaja hesabu ya safari za nje za watumishi wa Serikali na taasisi zake kwa miaka miwili ya fedha, 2013/14 na 2014/15. Jumla ilikuwa shilingi bilioni 356.324. Humo, tiketi za ndege peke yake zilikula bilioni 183.160. Posho za kujikimu bilioni 104.552. Mafunzo ya nje bilioni 68.612. Alisema fedha hizo zingetosha kujenga kilometa 400 za lami.

Gawanya bilioni 183.160 kwa siku za miaka miwili. Unapata shilingi milioni 250 kwa siku, za tiketi tu. Jumapili ikiwemo, Idi ikiwemo, Krismasi ikiwemo. Wakati huo kijana wa Ipuli alikuwa anasukuma mkokoteni.

Wabunge walipiga makofi, safari zikabanwa, wananchi wakashangilia. Tulishangilia na sisi. Lakini kuna swali ambalo halikuulizwa siku ile, na mpaka leo tunaona aibu kwamba halikuulizwa: POINTI ZA TIKETI ZILE ZILIKWENDA WAPI?

Kwa viwango vya ubadilishaji vya wakati ule, bilioni 183 zilikuwa zaidi ya dola milioni 80. American Airlines, katika utaratibu walioanza mwaka 2016, walimpa mwanachama wa kawaida pointi 5 kwa kila dola ya nauli. Kwa kipimo hicho, dola milioni 80 ni pointi milioni 400. Tukisema tiketi moja ya kwenda na kurudi inagharimu pointi 25,000, hizo ni tiketi 16,000. Hatusemi kila shirika lilikuwa linatoa kiasi hicho, wala kila msafiri alikuwa na kadi. Basi kata tisa ya kumi, tupa kabisa. Zinabaki tiketi 1,600. Tiketi 1,600 ambazo Hazina isingetakiwa kuzinunua safari iliyofuata! Bei yake ni magari mangapi ya wagonjwa kwa Hospitali ya Kitete? Ni mabweni mangapi?

Wapo watakaosema pointi ni njugu tu, zawadi ya shirika kwa mteja wake, kwa nini gazeti zima lipige kelele. Hao tunawapa habari moja. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoziweka ndege chini, United Airlines waliuchukua mpango wao wa pointi wakauweka rehani. Walipata mkopo wa zaidi ya dola bilioni 6. Hakuna benki inayokopesha dola bilioni 6 kwa rehani ya njugu. Pointi ni mali. Na mali iliyotokana na fedha ya umma ni ya umma. Ukitumwa dukani na fedha ya mama, chenji ni ya mama.

Tena madhara hayaishii kwenye chenji. Afisa mwenye kadi ya shirika fulani anakaribia kadi ya dhahabu, zimebaki pointi chache na mwaka unaisha. Mezani kuna tiketi mbili za safari moja. Moja ni rahisi, ya shirika asilo na kadi yake. Nyingine ni ghali, ya shirika lake, yenye herufi inayolipa pointi mara tatu. Atachagua ipi? Anayelipa si yeye, anayefaidi ni yeye. Hapo hakuna bahasha iliyopita chini ya meza, hakuna shahidi, hakuna kesi. Lakini kabwela kaibiwa mara mbili: kwanza kwenye nauli iliyopanda, pili kwenye pointi zilizokwenda nyumbani kwa bwana mkubwa.

Na mashirika yanazidi kuukaza mchezo kwa mwenye kitita. Delta na United mwaka 2015, American mwaka 2016, waliacha kuhesabu maili kwenye pointi za zawadi wakaanza kuhesabu dola. British Airways nao, tangu tarehe 1 Aprili 2025, wanatoa pointi za cheo kwa paundi uliyolipa, na kadi yao ya dhahabu inataka pointi 20,000. Maana yake ni wazi: siku hizi cheo hakipimwi kwa umbali uliokwenda, kinapimwa kwa fedha iliyotoka. Kama fedha inatoka Hazina, basi anayestahili dhahabu hiyo ni Hazina.

Ujerumani waliliona hili zamani. Julai 2002 gazeti la Bild liliandika kwamba baadhi ya wanasiasa walikuwa wametumia pointi za safari za kikazi kwa safari zao binafsi. Gregor Gysi, aliyekuwa waziri wa uchumi wa jimbo la Berlin, alijiuzulu tarehe 31 Julai. Cem Özdemir, mbunge wa chama cha Kijani, naye aliachia nafasi yake ya usemaji. Hawakujiuzulu kwa mabilioni. Walijiuzulu kwa pointi! Hapa kwetu mtu anakutwa na mabilioni na anasema amesingiziwa na maadui wa maendeleo.

Tutakuwa waungwana, tutaueleza na upande wa pili. Wamarekani walikuwa na sheria kwamba pointi za safari za mtumishi wa serikali kuu ni za serikali. Mwishoni mwa 2001 Bunge lao lilibadilisha, wakawaruhusu watumishi wabaki nazo. Watetezi wa wakubwa wataukimbilia mfano huu. Wakumbushwe basi kwamba serikali ile inanunua tiketi kwa mikataba ya bei, njia kwa njia, na mtumishi hachagui ndege kwa kufuata kadi yake. Ukitaka kuiga kwa Wamarekani, usiige dessert ukaacha ugali.

Wakazi wa Tabora wana haki ya pekee ya kulisemea jambo hili, maana mji huu ulijua vyeo vya safari kabla ndege haijabuniwa. Richard Burton na John Speke walipotoka pwani mwaka 1857 walifika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba, siku ya 134, baada ya maili zipatazo 600. Waliokuwa wanaijua njia hiyo ni Wanyamwezi. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, karibu kilo 32, begani. Wageni waliopita huku karne ile waliandika kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa mwanamume kamili mpaka awe amebeba mzigo hadi pwani na kurudi. Hicho ndicho kilikuwa kiwango chake cha kufuzu, na hakukuwa na daraja la nauli la kukipunguza wala kukizidisha.

Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Alivaa nguo nyekundu, alibeba mzigo mwepesi kuliko wenzake, na hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Hiyo ilikuwa kadi yake ya dhahabu. Lakini aliipata kwa kuijua njia: maji yako wapi, pori lipi lina hatari, mtemi gani anataka hongo kiasi gani. Hatuisifu biashara ile, maana njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na minyororo ya watumwa. Tunachosema ni kwamba hata katika dunia ile katili, cheo cha msafiri kililipiwa na mabega ya msafiri mwenyewe. Leo mabega ni yetu, nguo nyekundu anavaa mwingine.

Na ndege zetu wenyewe? Shirika letu la ATCL lilifufuliwa mwaka 2016 kwa Bombardier mbili zilizonunuliwa kwa fedha za walipa kodi, na baadaye zikaja Dreamliner na Airbus. Mkulima wa tumbaku wa Urambo na Sikonge amezichangia, apende asipende, kwenye kila mfuko wa sukari. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ametaja hasara ya ATCL kuwa bilioni 56.6 kwa mwaka 2022/23, na bilioni 91.8 kwa mwaka 2023/24. Hasara hiyo tunaibeba sote, hata ambao hawajawahi kufunga mkanda wa siti. Wanaobeba hasara ni wengi, wanaopewa vyeo ni wachache. Hiyo ndiyo siasa ya nchi hii kwa ufupi.

Kwa hiyo gazeti hili linadai mambo manne, na linayadai bila kung'ata maneno.

Kwanza, itangazwe hadharani kanuni inayosema pointi za tiketi iliyonunuliwa na Serikali ni za nani. Kama kanuni ipo, ibandikwe kila wizara tuisome. Kama haipo, iandikwe, na iseme neno moja: ni za umma.

Pili, Serikali ifungue akaunti zake. Mashirika mengi yana mipango ya pointi kwa kampuni. Air France na KLM wana wao unaoitwa BlueBiz. Duka la vipuri linaweza kujiandikisha, Hazina ishindwe na nini? Pointi za zawadi ziingie humo, zinunue tiketi za safari za kikazi zinazofuata, na fedha iliyookolewa ionekane kwenye vitabu. Pointi za cheo hatuzigombei, maana hazihamishiki. Mkubwa abaki na kochi lake na juisi yake. Sisi tunataka chenji.

Tatu, CAG aongeze mstari mmoja kwenye ripoti yake: kila wizara imenunua tiketi za kiasi gani, za daraja gani, kwa shirika lipi, na kwa nini hilo. Mstari mmoja tu. Tutaona nani ataanza kutokwa jasho.

Nne, ATCL katika mpango wake wa Twiga Miles imkumbuke abiria wa njia fupi. American Airlines zamani walikuwa na mlango wa pili: asiyefikisha maili 25,000 angeweza kufuzu kwa safari 30. Kwa mlango huo mtu wa Tabora, Kigoma au Mpanda angekuwa na matumaini, kwa sababu zingehesabiwa safari zake, si unene wa pochi yake. Shirika la umma lisipomhesabu mwananchi, limhesabu nani?

Tunajua watakavyojibu. Watasema haya ni mambo ya kitaalamu, vijana wa kijiweni hawayaelewi, na wapinzani wanatafuta umaarufu. Tunawakumbusha kwamba Tabora ni mji wa masharti ya kufuzu. Januari 1958, mkutano wa TANU ulikaa hapahapa kujadili uchaguzi ambao mkoloni alikuwa ameuwekea masharti: ili upige kura uwe na elimu fulani, au kipato fulani, au cheo fulani, na upige kura tatu, ya Mwafrika, ya Mzungu na ya Mwasia. Ulikuwa ndio mfumo wa daraja la nauli katika siasa. Mwalimu Nyerere alishawishi wenzake waingie hivyohivyo. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka na kuanzisha chama chake. Walitofautiana juu ya njia. Juu ya masharti yenyewe walikuwa kitu kimoja: ni ya dhuluma na hayana budi kuondoka. Na yaliondoka.

Masharti yanayopangwa na mwenye fedha hufutwa na mwenye kura. Kijana wa Tabora, wewe huna kadi ya dhahabu, lakini kadi ya mpiga kura unayo, na hiyo haina herufi ya punguzo. Mbunge atakapokuja na shangingi lake kuomba kura, kabla hajamaliza kusalimia, muulize mbele ya watu: Mheshimiwa, pointi zetu ziko wapi?